Roboti Aliyeishiwa Maneno

Jumapili, mwezi wa saba. Mlima haujaonekana tangu asubuhi.

Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabua ya mahindi na kukaa humo kama una kazi ya kufanya. Nimevaa sweta la shule juu ya sweta la nyumbani, na bado vidole vinauma nikibonyeza simu. Nimekaa jikoni karibu na mafiga. Kwa kawaida kwenye blogu hii naandika kuhusu vitabu nilivyosoma. Wasomaji wangu ni kumi na mmoja, na wanne kati yao ni wanafunzi wa darasa langu ambao hawajui kuwa ni mimi. Ndiyo maana ninaweza kuandika haya. Majina nimeyabadilisha.

Nimemdanganya bibi yangu kwa miezi minne.

Nianzie jana, maana bila ya jana nisingepata ujasiri wa kuandika sentensi hiyo.

Jana Mama alinituma Katesh kununua dawa za presha za Bibi. Nilipozipata nikapitia kwa rafiki yangu Rukia. Baba yake anauza spea za pikipiki, na kaka yake Jumaa ana kimeza mbele ya duka hilohilo, anawaingizia watu nyimbo na filamu kwenye flashi. Jumaa ananijua kuwa ni mtu wa kusoma, akaona atanifaa.

"Hii chukua bure, mdogo wangu. Imekaa humu mwaka mzima hakuna anayeitaka. Haina mapigano, haina mtafsiri. Watu wanakunywa chai tu mpaka mwisho."

"Basi ni ya kwake," Rukia akasema. "Huyu hata chai anakunywa kwa kunong'ona."

Tukaiangalia sebuleni kwao, mimi nikimsomea Rukia maandishi ya chini kwa Kiswahili. Ni filamu ya familia moja katika nchi ya baridi: baba, mama, mtoto wa kike wa miaka kama saba, na roboti mwenye sura ya kijana. Anaosha vyombo, anamfunga mtoto kamba za viatu. Hana silaha, haruki, hataki kuitawala dunia. Mdogo wake yule baba alikufa kabla filamu haijaanza. Mama yao ni mzee, anaishi mbali, na hakuna aliyemwambia. Kila Jumapili anapiga simu kumsalimia mwanawe. Simu ikilia, roboti anafuta mikono, anakwenda kusimama kwenye kijia cha kati ya vyumba, na anajibu kwa sauti ya marehemu. Wengine wanaendelea kula. Unasikia vijiko tu.

Roboti yule hatungi kitu. Ndani yake yamehifadhiwa maneno yote ambayo marehemu aliwahi kuyasema nyumbani humo, naye anayakata na kuyaunganisha. Sasa Jumapili moja simu inalia, anasimama pale, na hasemi. Baba anamwambia aseme chochote. Roboti anajibu taratibu kwamba yote aliyoyasema yule mtu ameshayatumia, na yatakayofuata hayatakuwa ya mtu huyo.

Wanamrudisha dukani kwenye boksi. Mtoto anauliza nani atapokea simu ya bibi. Hajibiwi. Mwisho ni kile kijia kitupu, na simu inalia, inalia, mpaka kioo kinakuwa cheusi.

"Imeisha?" Rukia akauliza. "Yaani ndiyo imeisha hivyo?"

"Si niliwaambia!" Jumaa akapaza sauti kutoka dukani.

Mimi sikuweza kuinuka. Rukia akaniuliza nalia nini, nikasema ni moshi.

"Moshi gani? Sisi tunapikia gesi."

Sikumwambia. Nilitembea kurudi nyumbani na dawa mkononi, na njia nzima nilikuwa nawaza kuwa yule roboti ana adabu kuliko mimi.

Sasa niseme lenyewe.

Baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikwenda machimboni mwaka juzi. Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu, na kwenye simu anasikia mvumo kama wa nyuki. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa anatuma ujumbe kwa Kiswahili, na mimi namsomea Bibi kwa Kiiraqw. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu mwanzo kwa sababu nasoma haraka na siongezi maneno. Bibi mwenyewe alikuwa anasema hivyo kwa wageni: huyu haongezi maneno.

Mwezi wa tatu kifusi kilimfunika baba mdogo. Siku hiyo Bibi alikuwa amelazwa, presha imempanda mpaka mdomo umekwenda upande. Daktari alisema asipewe habari ya kushtua. Baba na ndugu zake wakamzika Bashay, kwenye shamba la baba mkubwa, bila mama yake kujua. Wakanyoa nywele kama inavyotakiwa. Bibi alipotoka hospitali alimpapasa Baba kichwani wakati anamwinua, akauliza, "Mbona umenyoa?" Baba akasema ni joto. Ilikuwa siku ya mvua.

Baba alisema tutamwambia akipata nguvu. Akapata nguvu ya kukaa, tukasema bado. Akapata nguvu ya kutembea kwa fimbo, tukasema bado. Kila wiki iliyopita ilikuwa inalifanya neno lenyewe kuwa zito zaidi. Baba aliwazungukia majirani na kuwaomba wanyamaze, na wakanyamaza. Kanisani tuliacha kumpeleka, tukisingizia miguu yake, ili asije kusikia jina la mwanawe likitajwa kwenye sala ya marehemu.

Naye alikuwa anauliza kila Jumapili: "Mwanangu ameandika?"

Mara ya kwanza Baba aliniangalia tu. Sikuambiwa. Nilishika simu nikaanza kusoma kitu ambacho hakikuwepo.

Ninaandika hili taratibu kwa sababu ni baya zaidi: nilianza kuipenda kazi ile. Ijumaa nilikuwa naandika ujumbe kwenye kurasa za nyuma za daftari la fizikia, nafuta, narekebisha. Nilimpa baba mdogo rafiki anayeimba vibaya. Nilimpa buti zinazovuja. Nilimpa paka mwenye mkia uliokatika anayelala kwenye kofia yake. Bibi alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, na mimi nilikuwa najisikia mwandishi. Wiki moja Bibi alipoumwa mguu, nikamfanya baba mdogo ampe pole ndefu, ya maneno mazuri. Mama alisikia kutoka mlangoni akaondoka. Nilidhani amependezwa.

Sikuwahi kuishiwa maneno. Hata mara moja.

Leo asubuhi Baba alikwenda Nangwa kuangalia ndama, na Mama akabaki kanisani kwenye kikao cha akina mama. Nilirudi peke yangu nikamkuta Bibi amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kutokea na shuka jipya begani. Alikuwa amesikia watoto wakipita njiani wakisema Theresia, mkwe wa Mama Bura, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, amejifungua.

"Nipeleke nikamshike," akasema. "Tangu nitoke hospitali sijashika kitu kipya."

Nilifikiria mawe ya njiani. Nilifikiria ukungu na kifua chake. Nikachukua fimbo yake nikampa bega langu, tukaenda.

Sikufikiria jambo ambalo mtoto yeyote wa huku analijua.

Kwetu mama aliyefiwa na mtoto anakaa kando. Hagusi maziwa ya watu, hali chombo kimoja na wengine, na haingii kwenye nyumba yenye mtoto mchanga mpaka siku zake ziishe na atolewe kwa utaratibu wake. Sisi ni watu wa kanisani, na katekista anasema mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini katekista mwenyewe alipofiwa na binti yake hakuonekana kwa mtu kwa miezi. Majirani walikuwa wametukubalia kufunga mdomo. Hakuna aliyewaomba wampe mtoto. Na hata kama tungewaomba, wasingempa.

Mama Bura alitupokea vizuri. Nyumba ilikuwa na joto, inanuka samli na nepi zinazokauka. Theresia alikuwa kwenye kitanda, mtoto kifuani. Nikamwamkia Mama Bura, shikamoo, marahaba, Bibi akaamkiwa, tukapewa stuli na kikombe cha uji. Mtoto alikuwa analia kile kilio chembamba cha siku tatu.

Bibi akaweka fimbo chini akanyoosha mikono yote miwili.

"Haya, nipeni mgeni wangu."

Theresia akamwangalia mama mkwe wake.

"Amelala, mama," Mama Bura akasema.

Mtoto alikuwa analia. Kila mtu mle ndani alikuwa anamsikia.

"Huyu analala kwa kelele kama babu yake," Bibi akasema, na akacheka. Mikono bado imenyooshwa.

Hakuna aliyecheka naye. Theresia akarudi nyuma kitandani, polepole, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kitanda kililia. Bibi haoni, lakini kitanda alikisikia. Niliona uso wake ukigeuka kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali sana. Mikono yake ilikuwa hewani, viganja juu, na mimi mjukuu wake nilikuwa nimekaa nusu hatua kutoka kwake na sikujua niseme nini. Mimi, mwenye maneno mengi.

Halafu mikono ikashuka. Kwanza wa kushoto, halafu wa kulia. Akaiweka magotini akaifunika kwa shuka.

"Uji ni mzuri," akasema. Hakuwa ameuonja.

Akainuka. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Mnisamehe kwa kuingia." Mama Bura akaanza kusema, "Mama, sisi hatukutaka..." Tukatoka. Njia yote Bibi alishika fimbo tu, bega langu hakuligusa. Alijikwaa mara mbili na nilipomshika akautoa mkono wangu, bila hasira, kama unavyomtoa kuku mezani.

Nyumbani hakuniuliza kitu. Vibuyu vya maziwa vinakaa chumbani kwake, maana yeye ndiye anayetikisa maziwa tangu kabla Baba hajazaliwa. Akaniambia, "Vitoe humu." Nikavipanga nje. Akachukua kikombe chake, sahani yake, na stuli. Akatembea kwa kupapasa ukuta mpaka nyuma ya zizi la ndama, kwenye kile kibanda tunachowekea majani makavu, akakaa hapo peke yake akiangalia upande wenye mwanga.

Hivyo ndivyo alivyotuambia kwamba anajua.

Mama alirudi, akaona vibuyu nje na akaona stuli haipo. Aliweka Biblia chini, kwenye udongo, kitu ambacho hajawahi kufanya, akajifunika uso kwa kitenge. Baba alikuja na ndama wake mpya anamvuta kwa kamba. Hakuna aliyemsimulia. Aliangalia upande wa kibanda, akavua kofia, na nywele zake ambazo zimeshaota zikawa zimelala kwa jasho.

"Nani amemwambia?"

"Hakuna," nikasema. "Hawakumpa mtoto."

Akafumba macho.

Saa kumi na moja Bibi akaniita. Si Baba, mimi. Alisema nije na simu. Nilipofika akaniambia nikae pale mlangoni, nisiingie, na nikakaa kwenye jiwe.

"Soma," akasema.

Kwenye daftari la fizikia nilikuwa na ujumbe wa leo, nimeuandika Ijumaa. Baba mdogo alikuwa anasema atakuja baada ya mavuno, na paka amezaa. Nilikuwa nimejivunia hilo la paka.

"Hakuna ujumbe, Bibi."

"Tangu lini hakuna?"

"Mwezi wa tatu."

Akatikisa kichwa, kama anahesabu. "Nilipokuwa nimelazwa."

"Ndiyo, Bibi."

"Nilijua paka si wa kwake. Mwanangu alikuwa anawarushia paka mawe. Na ile pole ya mguu. Siku ile nilishangaa. Nikasema labda machimbo yamemfundisha adabu." Alicheka kidogo kwa pua, na hicho kicheko sitakisahau. "Ulimwandika mtu mzuri. Huyo sikumzaa mimi."

Nikasema nisamehe Bibi. Nilisema mara nyingi, nadhani. Aliuliza amelala wapi, nikasema Bashay kwa baba mkubwa. Aliuliza kama walimlaza kwa upande unaotakiwa, nikasema sijui, sikuwepo, nilikuwa shuleni. Aliuliza nani alilia kwa niaba yake.

Halafu akaanza kitu ambacho hakuna filamu ambayo ingekifikiria. Aliniambia nimsaidie kuhesabu nyumba. Zote alizoingia tangu atoke hospitali, watu wote aliokula nao, maziwa yote aliyoyatikisa yakanywewa na wengine. Alikuwa anakunja kidole kimoja kimoja. Kwa Mama Bura leo. Kwa mzee wa nyumba ya chini, wiki ya Pentekoste, walikula ugali sinia moja. Kwa katekista, alimshika mjukuu wao mkono, yule aliyepata homa baada ya hapo.

"Homa ilikuwa ya malaria, Bibi. Alipimwa."

"Wewe umesema."

Nilitaka kumweleza. Nina vitabu vya baiolojia, najua ugonjwa unakuja kwa njia gani. Lakini nani anaweza kuniamini mimi tena kwa jambo lolote? Na pia niliona kwamba hakuwa anazungumzia vijidudu. Alikuwa mtu ambaye maisha yake yote amejua mahali pa kusimama, na sisi tumemtembeza kwa miezi minne mahali ambapo hakutakiwa kusimama, mbele ya watu waliokuwa wanaona, na yeye haoni. Ndiyo maana hawakuwa wanapita kwetu tena. Alikuwa akiuliza mbona watu hawapiti siku hizi, na sisi tulimwambia wana kazi ya mavuno.

Tulifikiri tunamkinga. Tulimnyang'anya msiba wake, basi.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya ukungu, ule weupe ukaanza kuwa wa kijivu. Bibi akafunga shuka shingoni.

"Ule ujumbe wa mwisho wa kwake mwenyewe unao?"

Nilikuwa nao. Sijawahi kufuta. Nikatafuta, nikapita juu kwa juu, na niliogopa nitakuta ni kitu kikubwa, cha kuaga. Haikuwa hivyo. Ni mistari miwili, na amekosea herufi kwenye neno blanketi.

"Usome kama ulivyo."

Nikasoma. Mama shikamoo, blanketi nimepata. Nusu nimempa mwenzangu, baridi ni kali.

"Tena."

Nikasoma tena.

"Tena."

Nilisoma mara tatu na sikuongeza neno. Mara ya tatu alianza kulia, kwa sauti, kile kilio cha kwetu kinachoanzia chini, na ng'ombe wakainua vichwa zizini. Mama akatoka jikoni, Baba akatoka, wakasimama uani, hawakumsogelea. Kutoka ng'ambo ya korongo nilisikia mtu naye anaanza. Nadhani ni Mama Bura. Kisha nyumba ya chini. Walikuwa wameiweka sauti hiyo tangu mwezi wa tatu, kwa sababu sisi tuliwaomba.

Sasa simu nimeichomeka kwenye chaji, naandika huku waya umening'inia. Bibi bado yuko kwenye kibanda. Mama amempelekea chakula akakiweka kwenye jiwe na kurudi nyuma, kama inavyotakiwa. Baba amepeleka blanketi, naye akaliweka kwenye jiwe. Mimi sijaambiwa nipeleke kitu.

Zile kurasa za daftari nimezichana nikaziweka kwenye mafiga. Paka, buti, rafiki anayeimba. Ziliwaka haraka kuliko nilivyotegemea, na zikanipa moto wa kutosha kuandika aya moja. Ule ujumbe wa mistari miwili nimeunakili kwa mkono kwenye karatasi, na kosa lake la herufi, ili hata simu ikifa ubaki.

Baba amesema kesho alfajiri anaanza kuzunguka zile nyumba alizozihesabu Bibi, moja baada ya nyingine, kuwaomba radhi kwa jina lake yeye, si kwa jina la Bibi. Amesema nitakwenda naye. Hakuniambia nitasema nini, na safari hii sitaandika chochote kabla.